Eastlands kwa Miguu, Kutoka Majengo Hadi Buruburu

Nendeni Eastlands! Natoa hukumu mapema kwa sababu siwezi kuizuia mpaka mwisho. Kama una Jumamosi moja ya kuzurura Nairobi na marafiki, waachie wengine maduka ya Westlands. Vaa viatu vinavyovumilia matope, beba pesa za rejareja, na ushuke upande wa mashariki. Mimi ni mtu wa Mombasa. Nairobi niliyoijua ni ile ya stesheni ya SGR, hoteli za katikati ya jiji na foleni ya Mombasa Road. Juzi ndipo nilipoingia Eastlands kwa kusudi la kuitalii, kutoka asubuhi mpaka usiku, na bado moyo unanienda mbio ninapoandika haya.

Wazo lilitoka kwa rafiki yetu anayefanya kazi London, aliyekuwa nyumbani likizoni. Anasema huko watu hutoa pauni zao kutembezwa East End, upande wa mashariki wa jiji, walikoishi makuli wa bandari na wahamiaji, waonyeshwe masoko, misikiti na nyumba za wafanyakazi. "Na sisi tuna East yetu," akasema. Basi tukajikusanya: yeye, mimi, binamu yangu wa Kisauni, dada mmoja mpiga picha aliyekulia Buruburu, na mwenyeji wetu, mzaliwa wa Jericho, ambaye baba yake alipewa nyumba ya Baraza la Jiji zamani zile ambapo kupewa nyumba kulimaanisha umefika. Mwenyeji akatuwekea sharti moja. Kuongozwa ni bure, lakini nyama ya Burma tutalipa sisi. Tukakubali papo hapo.

Tulianzia Majengo, pale Pumwani, na nakushauri uanzie hapo hapo, tena asubuhi, kabla hujala chochote. Kwenye kibanda cha mama mmoja karibu na msikiti wa Riyadha tuliletewa mahamri yaliyotoka mafutani muda huo huo, iliki inanukia, na mbaazi za tui zito lililoshika kijiko. Viazi karai vikafuata, na chai ya maziwa ya tangawizi. Nimekula mahamri tangu nilipoota meno, na nasema bila kusita: haya ya Majengo yanasimama pamoja na ya Mji wa Kale bila kuinamisha kichwa. Binamu yangu, ambaye hasifii chakula cha bara hata kwa kuombwa, aliongeza sahani ya pili akiwa amenyamaza kimya.

Halafu ukijua historia yake, utamu unazidi. Nairobi ilipokuwa mji mchanga wa reli, Waafrika walijijengea vijiji vyao pembezoni. Kulikuwa na Pangani, Maskini na Kaburini, na kimoja kiliitwa Mombasa! Mji wetu ulikuwa na pacha wake huku juu, na sikuwahi kuambiwa na mtu. Serikali ya kikoloni ikavivunja kimoja baada ya kingine na kuwahamishia watu Pumwani kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Pangani iliponea kwa muda, ikaja kufutwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Huku Pumwani watu walipewa viwanja wajenge wenyewe, nao wakajenga nyumba ile ile ninayoijua mimi: ukumbi mrefu katikati, vyumba kulia na kushoto, ua kwa nyuma. Kuta zilikuwa za miti na udongo, mapaa ya madebe yaliyokunjuliwa. Na wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wanawake, waliokuja mjini peke yao, wakajitafutia shilingi zao kwa njia walizoziweza, wakazigeuza kuta na milango. Mwanahistoria Luise White aliwaandikia kitabu kizima, kikatoka mwaka 1990, na baada ya kusimama Majengo nimeelewa kwa nini walistahili.

Chache katika nyumba hizo zingali zimesimama, zimebanwa na maghorofa pande zote. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa barazani alituona tunashangaa, akatuita. "Karibuni wajukuu, msisimame juani." Tukaingia ukumbini mwake. Ubaridi ule wa ukuta wa udongo! Sakafu imefagiliwa inang'aa, mwisho wa ukumbi mwanga wa ua unaingia, kuku wawili wanapita. Alimuuliza binamu yangu ni wa wapi, na alipoambiwa Kisauni akaanza kutaja watu wa huko kana kwamba aliachana nao jana. Ziko nyumba za makumbusho ambazo unalipa kiingilio na huoni nusu ya haya.

Hatua chache kutoka hapo ni hospitali ya uzazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926. Sijui kama kuna lango jingine nchini lililowatoa Wakenya wengi hivi wakiwa wamefungwa kwenye blanketi. Mwenyeji wetu alizaliwa humo, mpiga picha alizaliwa humo, na dereva wa bodaboda aliyetusikia akadakia kwamba hata yeye ni wa humo. Kwa wasomaji wa riwaya, hili ndilo lango analotoka Paulina wa *Coming to Birth*, kitabu cha Marjorie Oludhe Macgoye kilichotoka mwaka 1986. Ni msichana mgeni wa mji katika Nairobi ya 1956, siku za Hali ya Hatari, anayetoka hospitalini na kupotea njia ya kurudi kwa mumewe. Nilisimama pale nikizitazama njia alizozikosa, na kwa mara ya kwanza riwaya ile ikapata mavumbi na kelele kichwani mwangu. Mbele kidogo, ukielekea Eastleigh, ni mtaa wa California. Hapo ndipo walipotoka wanamuziki Nonini na Jua Cali, na jina la mtaa huo likaingia katika Calif Records, studio ya Clemo iliyoivalisha Kenya nzima muziki wa genge mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mpiga picha alituimbia viitikio vitatu mfululizo katikati ya barabara, bila aibu.

Gikomba nitaipitia haraka, kwa sababu Gikomba yenyewe haikungojei. Ni soko la mitumba ambalo unalizamia. Unashuka kutoka Majengo, mapito yanakuwa membamba, mikokoteni inakupigia kelele "kando! kando!", na kila upande mtu amesimama juu ya rundo la nguo akitaja bei kwa kuimba. Ukitaka nguo safi zilizochaguliwa kabla umma haujazigusa, ulizia kamera. Nami naapa niliona koti la sufi la Kiitaliano, halina hata doa, likiuzwa kwa pesa ambazo London, kwa maneno ya rafiki yetu, hazitoshi kulifulia. Alilinunua yeye. Sasa anarudi nalo Ulaya kwa ndege. Chini zaidi kuna samaki, mbao, vitanda, viatu. Fuata mwenyeji wako, shika simu yako, cheka na wauzaji, utoke upande wa pili.

Ukitoka, masikio ndiyo yatakuongoza, maana Kamukunji unaisikia kabla hujaiona. Nyundo zisizohesabika zinagonga bati kwa wakati mmoja, kila fundi na mdundo wake, na baada ya dakika chache sikio lako linaanza kuzipanga lenyewe. Huyu anakunja, yule anatoboa, wa kule anapigilia ukingo. Nilisimama mdomo wazi. Pipa la mafuta linafika likiwa pipa. Linakatwa, linanyooshwa kwa nyundo mpaka liwe bati tambarare, na kabla hujamaliza soda yako limekuwa karai, au wilbaro, au lile sanduku la chuma ambalo kila mtoto wa bweni nchini amelibeba kichwani. Hakuna umeme katika nusu ya kazi hizi. Ni jicho, mkono na kipande cha reli kinachotumika kama fuawe.

Kitu kilichonishika kabisa ni jiko. Unalijua jiko lile la makaa lenye kiuno chembamba kama cha nyigu, bati nje na udongo wa kuchomwa ndani? Sote tumelipikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Kenya walikwenda kuyatazama majiko ya ndoo ya Thailand, wakarudi na wazo, na mafundi wa huku Kamukunji na Shauri Moyo wakalikunja na kulikata mpaka likakubali sufuria ya ugali na mkono wa mpishi wa Kikenya. Linakula makaa kidogo kuliko jiko la bati tupu, na limeigwa katika nchi nyingi za Afrika. Nimeshika moja likiwa bado halijapakwa rangi, limetoka mkononi mwa mzee aliyesema ameanza kazi hii akiwa kijana asiye na ndevu. "Gonga uone," akaniambia. Niligonga. Likalia vizuri! Nilitaka kulinunua palepale, lakini siku ilikuwa ndefu na mikono ni miwili. Mwishoni mwa 1985 Rais Moi alifika kwa mafundi hawa waliokuwa wakiunguzwa na jua, akaahidi kuwajengea vibanda, na tangu hapo serikali ikaanza kuzitaja kazi hizi, jua kali, katika mipango yake ya uchumi. Kwangu mimi, saa moja hapa inatosha kukuonyesha uchumi huo bila mchoro wala takwimu.

Uwanja wa Kamukunji wenyewe uko karibu, na ukiutazama bila kuambiwa utaona uwanja tu. Ambiwa basi. Tarehe 7 Julai 1990, Saba Saba, watu walikuja hapa kudai vyama vingi ingawa Kenneth Matiba na Charles Rubia, walioitisha mkutano, walikuwa wameshakamatwa siku chache kabla, na ingawa polisi walikuwa wamejaa. Walikuja tu. Mkutano ukatawanywa kwa marungu na risasi, lakini Desemba ya 1991 Bunge likakifuta kipengele cha katiba kilichokuwa kikiruhusu chama kimoja peke yake. Mwenyeji wetu alituonyesha upande ambao marehemu babake alikimbilia siku ile. Hapo hakuna aliyesema neno kwa muda.

Njaa ikatukumbusha ahadi. Tukapita Shauri Moyo kwa mwendo wa haraka, tukaangukia Burma.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu Burma ina utaratibu wake. Ni soko la nyama lililo karibu na City Stadium, mwanzoni mwa Jogoo Road, na jina lake ni kumbukumbu ya askari wetu waliopigana Burma katika Vita Vikuu vya Pili. Usikae kwanza. Pita kwenye mabucha, tazama, uliza, chagua mbavu zako mwenyewe, simamia mizani, kisha uzikabidhi kwa mchomaji. Wakati unangoja utaletewa supu, na mutura ukipenda (binamu yangu na mimi tukaipisha, wenzetu wakatulia nayo). Halafu nyama inakuja juu ya ubao, inakatwa mbele yako, chumvi inarundikwa kando, ugali unamwagwa, kachumbari yenye pilipili inafuata, na hapo mazungumzo yanakwisha. Ile mbavu! Nje imekauka na kuvunjika, ndani ina maji yake, mafuta yamepata rangi ya dhahabu, na hakuna kiungo kingine chochote ila chumvi na moto wa makaa. Sisi watu wa pwani tumezoea kuiingiza nyama katika nazi, bizari na ndimu, na ni haki yetu. Lakini nyama iliyoachwa iwe nyama, na mtu anayejua saa ya kuigeuza, hilo nalo ni jambo. Tulilipa kwa furaha.

Kutoka mezani tuliuona uwanja, ambao umepewa jina la Joe Kadenge. Wazee wa meza ya jirani walipojua sisi ni wageni wakaanza kutusimulia, mmoja akisimama kutuonyesha kwa miguu jinsi Kadenge alivyokuwa akimpita beki. Mwingine akaiga sauti ya redio: "Kadenge na mpira!" Meza zote zikacheka na kuitikia. Sauti hiyo ni ya Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyetuaga mwaka 2025, na mimi nikadakia kwa fahari kwamba Mbotela ni wetu, wa Frere Town. Mzee akanitazama. "Wenu? Sisi tuna estate nzima!" Na ni kweli. Mbele kidogo kwenye Jogoo Road kuna mtaa wa Mbotela, uliopewa jina la Tom Mbotela, makamu wa rais wa Kenya African Union, aliyeuawa Novemba 1952. Alitoka katika ukoo uleule wa Frere Town uliomtoa James Mbotela, mwandishi wa *Uhuru wa Watumwa*. Mitaa ya Ofafa nayo imebeba jina la diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka uliofuata. Hivi ndivyo Eastlands inavyokufanya: umekuja kula nyama, unaondoka na ukoo wako mwenyewe mkononi.

Kila mtu aliniambia nitaipenda Burma kuliko kote. Niliipenda, lakini moyo niliuacha Kaloleni.

Unavuka barabara, unaacha vumbi na honi za Jogoo Road, na ghafla kuna miti. Miti mikubwa, yenye vivuli vya kweli! Nyumba za mawe za chini, mapaa ya vigae, ua wa michongoma, bustani ndogo mbele ya kila mlango, na njia ambazo hazinyooki bali zinapinda polepole kuelekea katikati, kwenye uwanja wa nyasi, shule na ukumbi wa jamii. Rafiki yetu wa London alisimama, akageuka mara mbili, akasema: "Hii ni Letchworth." Letchworth ni mji wa Uingereza ulioanzishwa mwaka 1903 kufuata fikra za Ebenezer Howard, kwamba mfanyakazi naye anastahili kuishi penye hewa na bustani. Fikra hiyo ilisafiri mpaka hapa katika miaka ya 1940, wakati serikali ya kikoloni ilipoanza kukubali kwamba Mwafrika angeishi mjini na familia yake na si kama kibarua wa kulala chumba kimoja na wenzake. Wenyeji watakuambia pia kwamba mateka wa vita wa Kiitaliano walitumika katika ujenzi. Nyumba ni ndogo, ndiyo. Vyumba vya nyongeza vya mabati vimeota nyuma ya nyingi. Lakini ule mpango, ule wa mtoto kuweza kutoka mlangoni hadi shuleni bila kuvuka barabara kubwa, bado unafanya kazi mbele ya macho yako baada ya miaka hii yote. Nimepiga picha mpaka simu ikaomba chaji.

Na ule ukumbi! Kwa nje utaupita. Simama. Tarehe 23 Aprili 1950, ndani ya ukumbi huu wa Kaloleni, Kenya African Union na East African Indian National Congress walifanya mkutano wa pamoja, na Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akasimama kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwaka 1950! Wiki tatu baadaye akakamatwa, mgomo mkubwa ukalipuka Nairobi, naye akashikiliwa mpaka Oktoba 1961. Miaka iliyofuata Tom Mboya naye aliujaza ukumbi huu kwa mikutano yake. Tulipoingia, kikundi cha vijana kilikuwa kikifanya mazoezi ya maigizo. Dada mmoja alikuwa akirudia mistari yake kwa sauti iliyofika mpaka paani. Nikawaza: jukwaa hili limezoea watu wanaopaza sauti.

Maktaba ya Kaloleni nayo usiikose. Ni mojawapo ya zile zilizofufuliwa na Book Bunk, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka ili kuzirudishia uhai maktaba ya McMillan ya katikati ya jiji na hizi mbili za huku, Kaloleni na Makadara. Rangi safi, rafu zimepangwa, vitabu vya watoto vya Kiswahili viko pale ambapo mkono wa mtoto unafika. Watoto walikuwemo, Jumamosi mchana, wamelala kifudifudi wakisoma. Mmoja alituamuru tunyamaze. Tukatii.

Lazima niseme hili pia, maana ndilo lililonifanya niandike haraka badala ya kusubiri: nendeni sasa. Jirani na Kaloleni ni Makongeni, mtaa uliojengwa kwa wafanyakazi wa reli, na huko nyumba za zamani zimeanza kuvunjwa kupisha mradi wa nyumba za bei nafuu. Mipango ya kubadilisha mitaa ya kaunti ya Eastlands kuwa maghorofa imekuwepo kwa miaka. Watu wanahitaji nyumba, tena nyingi, na aliyekaa na watoto watano katika chumba kimoja hana haja ya kuhubiriwa uzuri wa vigae. Lakini nimeitembea Kaloleni kwa miguu yangu, na ninaomba wenye michoro waitembee pia kabla ya kuchora. Mpangilio kama ule ukishavunjwa, haurudi.

Kutoka hapo tulipanda gari mpaka Jericho, kwao mwenyeji wetu, tukashuka Camp Toyoyo. Mpira ulikuwa kipindi cha pili. Uwanja wa nyasi bandia, ukuta umejaa watu waliokaa juu yake, muuza mayai anapita na pilipili yake, na kila mtu ni kocha. Mama mmoja nyuma yangu alimtaja mshambuliaji kwa majina matatu na kuahidi kuzungumza na mamake jioni. Kijana akafunga dakika chache baadaye! Mitaa hii imetoa vipaji vilivyofika mbali mno. Kule Muthurwa, upande wa mjini, ndiko walikokulia McDonald Mariga na nduguye Victor Wanyama. Mariga alikuwa na Inter Milan iliyotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2010, na Wanyama akaifungia Celtic dhidi ya Barcelona mwaka 2012. Ukitazama mpira wa Jumamosi Toyoyo, jinsi wanavyopokea mpira mgumu huku wamebanwa, hushangai tena. Mamake mwenyeji wetu alitungoja na chai nyumbani, akakataa katakata tusimame mlangoni. Nyumba ya vyumba viwili, picha ukutani za kila mtoto aliyehitimu, na chapati zilizofunikwa kwa kitambaa. Tulikuwa tumeshiba nyama. Tulikula chapati.

Jua lilipolala tulikuwa Buruburu, na hapo mpiga picha akawa ndiye mwongozaji. Mwendo ni mwingine kabisa. Mtaa huu ulianza kujengwa mwaka 1973, ukachorwa na Mutiso Menezes International, awamu baada ya awamu mpaka ya tano, kwa watu waliokuwa wakinunua nyumba kwa mkopo: walimu, makarani, wanabenki vijana wa Kenya mpya. Nyumba zimepangwa zikitazamana kuzunguka kiwanja kidogo, na mpiga picha anasema hivyo viwanja ndivyo vilivyomlea, kwa sababu hakuna aliyeweza kukosea bila mama kumi kumwona kutoka dirishani. Siku hizi mbele ya nyumba nyingi kumeongezwa maduka, saluni na vinyozi, na wako wanaolalamika. Mimi niliyapenda yale maisha yaliyofurika mpaka barabarani. Akatupeleka Brush Tu, studio ya wasanii iliyo ndani ya nyumba ya kawaida ya mtaani, sebule imegeuzwa chumba cha kuchorea, turubai zimeegemezwa mpaka ngazini. Unapiga hodi kama kwa jirani, na ndani unakuta michoro ambayo ingetundikwa popote duniani. Sikuwa na pesa ya kununua. Nimeshaanza kuweka.

Halafu nganya, matatu iliyorembwa!

Tulirudi mjini kwa matatu ya njia ya 58, na mpiga picha alikataa mbili nzima mpaka ikaja anayoitaka. Kwanza uliiona taa yake ya zambarau ikigeuka kona ya Mumias South Road, kisha ukausikia mlio, kisha ubavu wake wote ukapita mbele yako: nyuso za wanamuziki na wachezaji zimechorwa kwa rangi ya kupuliza kwa ustadi ambao ningeukubali kwenye ukuta wa studio tuliyotoka. Mwaka 2004 kanuni za Waziri Michuki zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa njano, na wengi walidhani ndio mwisho wa urembo huu. Haukuwa mwisho. Ndani kuna viti vilivyoshonwa kwa rangi mbili, skrini kila upande, na besi inayokuingia kifuani kabla ya masikioni. Konda ananing'inia mlangoni kwa mkono mmoja huku anahesabu chenji kwa mwingine. Wimbo wa Ethic ukaingia, wale vijana wa Umoja walioanzisha vuguvugu la gengetone kwa "Lamba Lolo" mwaka 2018, na gari zima likaimba. Gari zima! Mwanamke mwenye mboga kwenye mfuko, mwanafunzi, askari wa lindo anayeenda zamu. Binamu yangu wa Kisauni aliimba maneno asiyoyajua kwa sauti kuliko wote. Kama kuna basi la watalii katika jiji lolote linalofikia safari hii ya Jogoo Road usiku, nipelekwe nilione.

Na hatujamaliza hata nusu. Dandora, iliyozaliwa na mradi wa viwanja vya Benki ya Dunia mwaka 1975 na ikaja kulitoa kundi la Kalamashaka, tumeipa siku yake. Eastleigh tumeipa nyingine, kuanzia Garissa Lodge ambako biashara ya maduka yale yote ilianzia vyumbani mwa nyumba ya wageni, hadi kwenye sahani ya wali na nyama ya ngamia. Na Desemba mwenyeji wetu anatutaka Ziwani kwa Koth Biro, mashindano ya mpira ya mtaani yanayofunga mwaka wa Eastlands. Tiketi ya treni ya kuja nimeshaiulizia. Safari hii binamu yangu anasema anakuja na mkoba mtupu kwa ajili ya Gikomba, na mimi ninamrudia yule mzee wa Kamukunji kuchukua jiko langu.